Fungu la Vifungo

Fomu inauliza: wanufaika wangapi?
Naandika kumi na mmoja.
Kisha nafuta, naandika kumi,
maana Nemesio Caicedo alifia rumande mwezi Machi
na sijui kama marehemu huhesabiwa
katika safu ya waliofikiwa.

Mimi ni mhasibu tu. Ofisi yetu iko Esmeraldas,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Mvua ikinyesha tunaokoa mafaili kwanza, viti baadaye.
Wakili Zoraida huondoka alfajiri kwa mtumbwi wa mota
kwenda San Ovidio kuchukua maelezo
ya watu waliolala barabarani siku nne
ili malori ya kampuni ya mawese yasikatize makaburi yao.
Kosa, kwa mujibu wa hati ya mashtaka: ugaidi.
Vielelezo: sufuria tatu, na mwavuli.

Haki ya mtu haipotei, husema watu.
Kweli haipotei. Naijua kabati ilimo,
na kodi ya chumba cha kabati hilo kwa mwezi.

Risiti ninazo.
Petroli ya mtumbwi, galoni sita.
Fotokopi, kurasa elfu mbili na mia nne:
hakimu alitaka nakala tatu, akapoteza mbili, akataka tena tatu.
Daktari wa mapafu ya Nemesio,
aliyefika Jumanne; mgonjwa alikuwa wa Jumatatu.
Viatu, jozi moja, namba thelathini na nane,
vya Eulogia, mjane wake,
kwa kuwa askari wa mlangoni mwa mahakama hataki ndala.
Kando ya viatu mkaguzi ameweka alama ya kuuliza.

Fedha zinatoka Ujerumani, kwa Bi Ottilie Brackmann.
Babu yake alikuwa na kiwanda cha vifungo:
vya mashati, vya makoti ya maofisa, vya vikoi vya watoto wachanga,
vyote vimechongwa kwa kokwa za tagua,
nyeupe, ngumu kama pembe ya ndovu,
zilizookotwa kwenye msitu huu huu
na bibi yake Eulogia, gunia zima kwa kibaba cha chumvi.
Meli ikabeba magunia.
Kokwa zikawa vifungo, vifungo vikawa majumba,
majumba yakawa hisa, hisa zikawa wakfu,
na wakfu umerejea kwetu kama fungu la bajeti,
miezi ishirini na minne, haliongezwi,
kuwafungua wajukuu wa waokotaji
kutoka vifungo vya aina nyingine.

Alikuja mara moja, Nemesio akiwa hai.
Mwanamke mrefu, goti bovu, alipanda ngazi zetu kinyumenyume.
Alileta kikopo cha bati chenye vifungo vya sampuli
akakiweka mezani, hakujua aseme nini.
Eulogia alitia kidole, akachagua kimoja,
akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Hiki nakijua," akasema.
Hakusema ahsante. Mkalimani aliongeza moja ya kwake,
na mkalimani pia nina risiti yake.

Kile kifungo alikishona kwenye shati la mumewe,
lile la kwendea mahakamani.
Halikufika mahakamani. Walimzika nalo,
pale pale malori yalipotaka kupita,
kwa hiyo kokwa moja, kati ya meli nzima,
imerudi kwenye udongo wake.

Nafuta kumi. Narudisha kumi na mmoja.
Mkaguzi akitaka, aje amhesabu mwenyewe.

Swali la tisa: eleza uendelevu wa mradi.
Kesi imeahirishwa hadi tarehe kumi na nne Agosti.
Fungu linafungwa tarehe thelathini na moja Julai.
Zoraida amesema atakwenda hivyo hivyo,
mtumbwi utakopesha.
Kisanduku cha jibu kina nafasi ya maneno hamsini.

Halafu kuna hili, ambalo sijui niliweke safu gani:
uzi mweupe, kigurudumu kimoja, senti thelathini.
Aliuchukua kwenye droo yangu.
Risiti sina.